Kutoka Nunda hadi Babu Aliyefufuka: Hadithi za Ajabu na Wasomaji Wake katika Mji Mkongwe na Unguja, 1863–2006

Utangulizi

Historia ya riwaya ya Kiswahili imezoeleka kusimuliwa kama safari ya kupanda ngazi. Chini huwekwa ngano, pamoja na majini, mazimwi na wanyama wasemao. Katikati huwekwa kazi za mpito, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ikiwa mfano unaotajwa zaidi. Juu huwekwa riwaya ya kihalisia iliyokomaa katika miaka ya 1970. Kisha huongezwa kipandio kimoja pale Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), na kipandio hicho mara nyingi huelezwa kuwa ni athari ya Amerika ya Kusini na ya falsafa ya Ulaya. Kwa mpangilio huo, ajabu hutolewa mlangoni kama utoto, ikarejea dirishani kama mgeni aliyesoma ng'ambo.

Makala hii inaupima mpangilio huo kwa ushahidi wa mahali pamoja, yaani Mji Mkongwe na kisiwa cha Unguja. Istilahi "hadithi za ajabu" imetumika kwa upana: inajumuisha bunilizi ya kinjozi, bunilizi ya kisayansi, na kazi zinazoitwa za uhalisiaajabu, ziwe za maandishi matupu au za picha. Suala lenyewe ni zito kuliko uainishaji wa tanzu. Ikiwa ngazi iliyotajwa ni sahihi, basi msikilizaji na msomaji wa Unguja ambaye kwa zaidi ya karne moja ametumia hadithi za ajabu kuzungumzia utawala, mali na kifo anahesabiwa kuwa mtoto ambaye hajafika kwenye uhalisia. Ikiwa si sahihi, ni historia inayopaswa kuandikwa upya, wala si yeye.

Ajabu kama neno la mji

Neno lenyewe lina nasaba. Katika maandishi ya Kiarabu, ajaibu lilikuwa jina la utanzu mzima: vitabu vya maajabu ya viumbe na ya nchi za mbali. Kimojawapo, Ajaib al-Hind, kilichokusanywa na nahodha Buzurg ibn Shahriyar katika karne ya 10, kinagusa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Kinasimulia habari za mfalme wa Zanj aliyetekwa na wafanyabiashara waliokaribishwa naye, akauzwa Oman, akatoroka, akapita Baghdad na Misri, na hatimaye akarejea kwao akakuta kiti chake kinamngoja. Anapowaona tena waliomuuza, anawasamehe. Katika kisa hicho hamna jini hata mmoja. Ajabu iliyomo ni mwendo wa mtu na tabia yake, na jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba ajaibu maana yake ni mazimwi tu.

Neno hilo likaja kuwa jengo. Mwaka 1883 Sultan Barghash alijenga mbele ya bahari jumba la sherehe ambalo watu waliliita Beit al-Ajaib. Jina halikutokana na viumbe wa kufikirika. Lilitokana na vyuma, ukubwa wa nguzo, na baadaye umeme na lifti, vitu ambavyo kwa wakati ule vilikuwa vigeni katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo katika msamiati wa mji huu mashine na jini viliishi ndani ya neno moja. Mpaka ambao wahakiki wa Ulaya na Marekani waliuchora baadaye kati ya bunilizi ya sayansi na bunilizi ya mizungu haukuwa na neno la kuushikilia, na haishangazi kwamba waandishi wa Unguja hawakujishughulisha nao.

Puto la Verne na nunda wa Steere

Mwezi Januari 1863 mchapishaji Hetzel wa Paris alitoa riwaya ya kwanza ya Jules Verne, inayohusu safari ya majuma matano ndani ya puto. Mahali pa kuondokea ni Unguja. Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe wanafika kwa meli, na puto lao linaruka mwezi Aprili 1862 kuelekea magharibi. Verne hakuwahi kufika. Alisoma taarifa za wasafiri, zikiwemo za Burton na Speke, ambao kituo chao cha maandalizi kilikuwa hapa hapa Unguja, akajenga juu yake chombo ambacho hakijakuwako. Hivyo mwanzo wa mojawapo ya kazi kubwa za bunilizi ya kisayansi duniani umefungwa kwenye bandari ya Unguja.

Lakini bandari hiyo ina kazi gani katika riwaya? Wenyeji wanatajwa kuwa watu wanaoogopa kwamba puto limekusudiwa kulidhuru jua na mwezi, miili wanayoiabudu, na kwa sababu ya ghasia zao inabidi chombo kiandaliwe kwenye kisiwa kidogo kilicho kando. Ni madai ya ajabu kuhusu mji wa misikiti, wenye makadhi na walimu wa elimu ya falaki. Riwaya iliwahitaji wenyeji wasioelewa ili chombo kionekane cha kueleweka. Ajabu yote imewekwa upande wa Mzungu, na upande wa mwenyeji ikabaki hofu.

Mwaka mmoja tu baada ya kitabu hicho, mnamo 1864, Edward Steere aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Alianza kukusanya hadithi kutoka kwa wasimulizi wa mji, na mwaka 1870 zikachapwa London, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Mkusanyo huo unaonyesha ni kitu gani hasa kilikuwa kinasimuliwa mjini wakati Verne anawabunia wenyeji hofu yao. Hadithi inayostahili kukaliwa kwa muda ni ile ya Sultani Majnuni, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la nunda.

Sehemu yake ya kwanza ni ya mtende ambao tende zake huliwa na ndege kila mwaka, na wana wa Sultani wanaoshindwa kuulinda mmoja baada ya mwingine mpaka mdogo wao, anayedharauliwa, afanikiwe. Sehemu ya pili ni ya paka. Paka wa Sultani anaanza kula mifugo ya watu. Watu wanakwenda kushitaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na wanaoliwa ni wake pia. Paka anakua, anahamia kwenye mifugo mikubwa, kisha kwenye watoto wa watu, na jibu la Sultani halibadiliki. Ni pale anapoua wanawe Sultani mwenyewe ndipo jina lake linapobadilika: huyo si paka tena, ni nunda. Kijana mdogo anaondoka kumtafuta, na kila anapoua mnyama mkubwa kuliko wa kabla hurudi kumwuliza mama yake kama ndiye, naye mama humwambia siye.

Kisomwe kama ngano ya kutisha watoto, kisa hiki kina paka mkubwa. Kisomwe kama kilivyosimuliwa, katika mji ulio chini ya Sultani, kina nadharia kamili ya dhuluma: mnyama hakuzaliwa zimwi, amelelewa na jibu la mtawala. Paka na nunda ni kiumbe kilekile, na kilichobadilika ni nani aliyeliwa. Swali la kijana kwa mama yake nalo si la kitoto, kwani anayetaka kuliua zimwi lazima kwanza alijue, na asiyepata kuliona hana budi kuuliza. Hadithi hii iliingia kitabuni mwaka uleule Sultan Majid alipofariki na Barghash kushika utawala. Haihitajiki kudai kwamba msimulizi alimlenga yeyote. Inatosha kuona kwamba fumbo lilikuwa tayari, likimngoja atakayelivaa.

Tafsiri za shuleni

Kipindi kinachofuata kinaweza kupitiwa kwa haraka, maana wasomaji wake walikuwa wengi lakini uchaguzi haukuwa wao. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930 chini ya ukatibu wa Frederick Johnson. Johnson na wenzake walitafsiri kwa ajili ya shule: Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard (1929), sehemu ya Alfu Lela Ulela, Safari za Gulliver (1932). Kwa hiyo nchi iliyopotea ya Haggard na vijitu vya Swift vilizungumza Kiunguja, kilichopigwa randa kidogo, zaidi ya miaka 25 kabla ya Muhammed Saleh Farsy na Muhammed Said Abdulla kuchapisha riwaya zao mwaka 1960. Lugha ya mji ilikwenda ulimwenguni ikiwa imebeba ajabu za wengine.

Hata hivyo, tafsiri hizo hazipaswi kudharauliwa. Gulliver ni kitabu cha kejeli dhidi ya watawala wa nchi ya mwandishi wake, na hakuna sanifisho lililoweza kumzuia kijana wa shule asione hivyo.

Bwana Msa penye mzimu

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, na mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa habari akiwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Kuanzia 1958 hadi 1968 alilihariri gazeti la Mkulima. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa 1960. Ndani yake mwenye mali anakutwa ameuawa penye mzimu, na Bwana Msa, mwenye kiko chake na subira yake, anaitatua siri kwa kufuata alama ambazo wengine wamezikanyaga bila kuziona.

Uhakiki umemweka Abdulla chini ya anwani ya riwaya ya upelelezi, mwanafunzi wa Conan Doyle, na kwa hakika uhusiano huo hauna ubishi. Lakini anwani hiyo imeficha jambo moja. Jina la kitabu ni mzimu, si maiti wala mpelelezi. Msomaji huingia kwa kuvutwa na mzimu, hukaa nao kwa sehemu kubwa ya kitabu, na hufumbuliwa mwishoni kwamba muuaji alikuwa binadamu. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya ajabu, alieleza kwamba utanzu huo umo katika kusita: msomaji hajui achague maelezo ya kimaumbile au ya kimiujiza, na kitabu kikisha kumchagulia, utanzu umekwisha. Kwa kipimo hicho Mzimu wa Watu wa Kale ni hadithi ya ajabu mpaka karibu na mwisho wake, kisha inageuka kuwa ya upelelezi.

Hata hivyo kipimo cha Todorov kinapungua kinapofika Unguja. Kinamfikiria msomaji ambaye mizimu haina mahali katika ulimwengu wake wa kila siku, hivyo ufumbuzi wa kimaumbile unairudisha dunia sawasawa. Makunduchi alikozaliwa Abdulla ndiko inakofanyika hadi leo sherehe ya Mwaka Kogwa, ambapo kibanda cha makuti huchomwa kuufungua mwaka. Mizimu ilikuwa na mahali, na baadhi ilikuwa na wahudumu. Msomaji wa aina hiyo anapoambiwa kwamba muuaji alikuwa mtu, hakuambiwa kwamba mzimu haupo. Ameambiwa kwamba mtu alijificha nyuma yake. Hili ni shitaka jingine kabisa. Abdulla, aliyewahi kulipwa kukagua usafi wa makazi, anaonekana kuikagua imani kwa namna hiyohiyo. Haibomoi nyumba, ila anatafuta uchafu umeingilia wapi.

Riwaya iliyofuata, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka 1968. Giningi katika simulizi za Unguja na Pemba ni mji wa wachawi usioonekana, wenye utawala wake na karamu zake. Kwa mara nyingine mwandishi aliliweka jina la ajabu mlangoni na sababu ya kibinadamu ndani. Ni sadfa inayostahili kutajwa kwamba mwaka uleule wa 1968 Mwingereza John Brunner alitoa Stand on Zanzibar, riwaya ya kisayansi iliyopewa tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Jina lake linatokana na hesabu: watu wote wa dunia ya 2010 wakisimama bega kwa bega wangehitaji kisiwa chenye eneo la Unguja. Karne moja baada ya Verne, kisiwa kilikuwa kimeshuka daraja katika bunilizi ya kisayansi ya Magharibi. Kwa Verne kilikuwa angalau bandari yenye watu, japo wamesingiziwa. Kwa Brunner, ambaye kwa mambo mengine ni mwandishi hodari, ni kipimo cha eneo. Mwaka huohuo Abdulla alikuwa anakieleza kisiwa kilekile kuanzia chini ya ardhi, kwenye kisima.

Hadithi za picha

Kuhusu riwaya za picha maelezo hayana budi kuwa mafupi, kwani Unguja ilikuwa msomaji zaidi kuliko mtoaji. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti ya vyama yalifungwa, na pamoja nayo nafasi ambayo katika miji mingine ililea wachoraji wa vibonzo. Vibonzo vya Kiswahili vilikua kwingine: Juha Kalulu ya Edward Gitau katika magazeti ya Taifa huko Nairobi, Chakubanga ya Christian Gregory katika Uhuru, na kisha jarida la Sani la Dar es Salaam pamoja na kina Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Lodi Lofa. Wahusika hao si wa ajabu kwa maana ya mizungu. Ni watu wa mtaani waliotiwa chumvi. Ila chumvi hiyo inafanya kazi ya nunda: tabia moja hukuzwa mpaka iwe kiumbe.

Kinachohitaji kuzingatiwa ni namna ya usomaji. Kitabu cha mafumbo na gazeti lenye picha vyote vilisomwa katika utamaduni wa baraza, ambapo nakala moja huzunguka na mmoja husoma wengine wakichangia. Kuhesabu nakala zilizouzwa, kama wafanyavyo wanahistoria wa vitabu wa Ulaya, kungepunguza idadi ya wasomaji bila sababu.

Mwaka 1995 na baada yake

Ajabu haikubaki vitabuni. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, habari za popobawa zilianzia Pemba zikaenea Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto, kwa kuhofia kiumbe mwenye kivuli cha mbawa za popo. Mtu aliyeshukiwa kuwa ndiye aliuawa na umati mjini. Watafiti wamelichunguza tukio hilo kwa mitazamo mbalimbali, na Martin Walsh ameonyesha jinsi lilivyofungamana na siasa za visiwa hivi, ambavyo pia viliwahi kupatwa na hofu kama hiyo mwaka 1965. Kwa madhumuni ya makala hii linatosha jambo moja: mwishoni mwa karne ya 20 lugha ya ajabu ilikuwa bado ndiyo lugha ambayo jamii ilijisemea yale isiyoweza kuyasema hadharani, na lugha hiyo iliweza kuua. Anayeiita masalia ya utoto hajaisikiliza.

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Unguja mwaka 1947, alikuwa ameandika riwaya za kihalisia za daraja ya juu, Asali Chungu (1977), Dunia Mti Mkavu (1980) na Utengano (1980) zikiwa miongoni mwao. Mwaka 2001 alitoa Babu Alipofufuka. Mhusika mkuu anaitwa K, herufi tu. Ni mtu mkubwa wa serikali katika nchi isiyotajwa, amejilimbikizia mali, ameisahau asili yake. Babu yake aliyekwisha kufa anarudi, anamtoa katika jumba lake na kumzungusha kati ya walimwengu wa walio hai na wa waliokufa ili aone kile ambacho cheo kimemzuia asikione. Miaka mitano baadaye ikafuata Dunia Yao (2006), iliyokwenda mbali zaidi katika kuvunja mipaka ya ndoto, sanaa na uhai.

Herufi K imewafanya wahakiki wamkumbuke Kafka, na si vibaya. Lakini mwandishi mwenyewe, akitumia jina la Said A. M. Khamis katika kazi zake za kitaaluma, alieleza mwaka 2005 kwamba sifa mpya za riwaya ya Kiswahili hazielezeki kwa athari za nje peke yake, na kwamba fasihi simulizi ni sehemu ya chimbuko lake. Ushahidi wa Unguja unaunga mkono kauli hiyo, na pengine unairuhusu kwenda hatua moja mbele. Kati ya K na Sultani Majnuni upo udugu wa karibu kuliko ule wa K na Josef K. wa Prague. Mhusika wa Kafka anashitakiwa bila kuambiwa kosa. K wa Babu Alipofufuka, kama Sultani, ameambiwa kosa lake mara nyingi na wanaoliwa, naye hakusikia. Tofauti ni kwamba Sultani alihitaji kufiwa na wanawe ndipo amwite paka kwa jina lake, hali K analetewa mfu wa ukoo wake mwenyewe aje amtajie. Kisa cha kale kilikuwa na kijana wa kuliua zimwi. Riwaya ya 2001 haina kijana huyo. Ina mzee, naye hakuja kuua.

Hilo nalo linaisaidia tarehe kueleweka. Mwandishi wa Asali Chungu hakuacha uhalisia kwa sababu Magharibi ilikuwa imeuchoka. Aliuacha, kwa kiasi, pale ambapo wahusika wa kihalisia walikuwa wamekwisha kusema yote waliyoweza kusema juu ya utawala na bado hali haikubadilika. Ikabidi aitwe shahidi mwenye umri mkubwa zaidi, asiyeweza kuhongwa wala kufungwa kwa kuwa amekwisha kufa.

Mkusanyo wa Steere ulichapwa London ukarudi Unguja kwa meli. Babu Alipofufuka ilichapwa Nairobi na Jomo Kenyatta Foundation, wakati mwandishi wake anafundisha Bayreuth, Ujerumani. Msomaji wa Mji Mkongwe amempata babu yake kwa njia ileile aliyompata nunda: kwa bahari, katika jalada lililofungwa mahali pengine, ndani ya Kiswahili ambacho hakuhitaji kutafsiriwa.